Akaunti Ikiingia Hasi: Namna ya Kushughulikia Makato ya Benki Nairobi

Kuna alama ndogo ya kutoa mbele ya salio lako. Hukukopa, hukusaini karatasi yoyote ya mkopo, na bado benki inakudai. Wengi wetu Nairobi tukifika hapo hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayeihama akaunti kimyakimya na kufungua nyingine benki ya jirani. Kuna anayekimbilia tawini na kuanza kufoka kabla hajajua ametozwa nini. Yote mawili yana gharama. Akaunti uliyoihama haifi. Huendelea kukatwa kila mwezi, mpaka siku utakapoomba mkopo wa kiwanja uambiwe jina lako liko CRB, yaani kwenye mashirika yanayoweka kumbukumbu za wakopaji. Na ukifoka bila takwimu mkononi, mhudumu ana jibu moja tu: "Ni mfumo."

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: lipa kwanza, dai baadaye, na ukidai, dai mstari kwa mstari. Ombi la jumla, lile la "naomba mnisaidie na haya makato," hujibiwa kwa jumla.

Hatua ya kwanza: chukua taarifa ya akaunti, usitosheke na salio

Salio linakuonyesha unadaiwa kiasi gani, halikuonyeshi kwa nini. Ingia kwenye programu ya benki au nenda tawini uchukue taarifa ya miezi mitatu. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu mara nyingi mambo yalianza kuharibika mwezi uliopita. Kabla ya kuchapishiwa kaunta, uliza bei: benki nyingi hutoza kwa ukurasa, ilhali ile unayotumiwa kwa barua pepe huwa nafuu au bure.

Sasa shika kalamu. Tuchukue akaunti ya mfano, ya mama mwenye duka la vitambaa Eastleigh. Namba ni za kubuni na kila benki ina zake, lakini mtiririko utautambua.

Tarehe 27 ana Sh1,850. Tarehe 28 stending oda ya Sacco ya Sh4,000, yaani agizo alilompa benki ilipe kila mwezi, inafika, inakosa pesa, inarudi. Benki inamtoza Sh1,000 kwa stending oda iliyoshindikana, na juu yake ushuru wa bidhaa Sh150. Amebaki na Sh700. Tarehe 29 hundi ya karo ya Sh12,000 inawasilishwa. Nayo inarudishwa: ada Sh2,500, ushuru Sh375. Hapo ameshuka chini ya sufuri kwa Sh2,175. Tarehe 30 inakuja ada ya kila mwezi ya kuendesha akaunti, Sh200 na ushuru Sh30. Hasi Sh2,405. Tarehe 1 mfumo unaijaribu tena ile stending oda, inashindikana tena, Sh1,150 nyingine zinaenda. Hasi Sh3,555.

Sacco haijapata kitu. Shule haijapata kitu. Yeye mwenyewe hakutumia hata shilingi moja ya benki. Sh5,405 zimekatwa, zikameza akiba yake yote na kumwachia deni, na ndani yake Sh705 ni ushuru wa serikali. Ushuru huo si ujanja wa benki: ni wa kisheria, na katika mfano huu tumeuhesabu kwa asilimia 15 ya ada. Ila riba haitozwi ushuru huo, kwa hiyo ukikuta mstari wa ushuru chini ya mstari wa riba, weka alama hapo.

Si kila mtu huingia hasi kwa njia hii. Wengine huangushwa na malipo ya kila mwezi ya dola yanayokatwa kwenye kadi, ambapo kiwango cha kubadilisha pesa kikipanda kidogo salio halitoshi. Wengine huweka hundi ya mteja, wanaona namba imeongezeka, wanatumia kabla haijakomaa, kisha hundi inarudi. Hapo ndipo inafaa kujua kwamba akaunti ina salio mbili: lile la daftari, linalohesabu hata pesa ambazo hazijakomaa, na lile unaloweza kulitumia. La pili ndilo la kuamini.

Hatua ya pili: toka kwenye hasi kabla ya kubishana

Najua inauma kulipa kitu unachokipinga. Lipa hata hivyo. Riba ya akaunti iliyoingia hasi kwa kawaida huhesabiwa kila siku na kuandikwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo wiki mbili za ubishi ni wiki mbili za riba. Kulipa hakukuondolei haki ya kudai. Unachohitaji ni kuandika, siku hiyo hiyo, kwamba umelipa huku ukipinga makato fulani.

Usiweke kiasi kilekile cha deni. Mama wa Eastleigh akiweka Sh3,555 kamili, mwisho wa mwezi riba na ada ya kuendesha akaunti zitamrudisha chini ya sufuri, na pengine ada nyingine juu yake. Aweke Sh4,500 hivi. Kama una akaunti nyingine benki hiyo hiyo, hamisha mwenyewe mapema, maana mikataba mingi ya benki inairuhusu kuchukua pesa kwenye akaunti yako moja kufidia deni la nyingine, na haitakuuliza kama hiyo ni pesa ya kodi ya nyumba.

Vipi kuhusu Fuliza, ile huduma ya M-Pesa inayokuruhusu kutumia zaidi ya salio lako? Kwa siku moja au mbili, kama mshahara uko njiani, inaweza kuwa nafuu kuliko kuacha hundi nyingine irudi. Ila kumbuka kuna ada ya asilimia 1 unapochukua, kuna ada ya kila siku kulingana na kiasi, na pesa yoyote itakayoingia kwenye M-Pesa yako itamezwa kwanza. Kwa mfanyabiashara anayelipwa na wateja kwa M-Pesa kutwa nzima, kuhamisha deni kutoka benki kwenda Fuliza ni kujifunga mikono. Mikopo ya haraka ya programu za simu ndiyo siikubali kabisa kwa kazi hii.

Deni likiwa kubwa kuliko uwezo wako wa sasa, tuseme Sh60,000, usilipe vipande vipande bila maelewano. Omba tawi ligeuze deni hilo kuwa mkopo wenye tarehe na kiwango cha riba kilichoandikwa. Riba ya kuingia hasi bila makubaliano kwa kawaida huwa juu kuliko ya mkopo uliokubaliwa.

Hatua ya tatu: zuia yanayokuja

Angalia kalenda: nini kitakatwa ndani ya siku kumi zijazo? Stending oda ni amri yako kwa benki yako, kwa hiyo unaisimamisha huko, kwa maandishi, siku kadhaa kabla ya tarehe yake. Malipo ya bima au ya awamu ambayo kampuni yenyewe hujivutia kutoka akauntini kwako ni jambo jingine. Hapo waarifu pande zote mbili, maana benki ikisimamisha bila kampuni kujua, bima inaweza kukatika.

Hundi ina uzito wake. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kutoa hundi huku ukijua akaunti haina pesa ya kutosha kuwa kosa la jinai, adhabu yake faini isiyozidi Sh50,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa hiyo kama kuna hundi uliyoandika na bado haijapelekwa benki, mpigie simu uliyempa leo, umwombe asiipeleke mpaka siku fulani au akubali ulipe kwa njia nyingine. Mhasibu wa shule amezoea maombi kama hayo kuliko unavyodhani. Kuiambia benki izuie hundi ni njia ya mwisho: kuna ada yake, na aliyepewa hundi anaweza kudhani unamkimbia.

Hatua ya nne: gawa mistari ya makato

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Pakua orodha ya ada ya benki yako kwenye tovuti yake, au iombe tawini. Ni haki yako: Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike na huduma, na Benki Kuu ina mwongozo wa kumlinda mteja unaozitaka benki ziweke ada zao wazi. Linganisha kila mstari wa taarifa na orodha hiyo, kisha uweke alama.

Alama ya kwanza ni ya makosa matupu. Ada iliyotozwa mara mbili, kiasi kilichozidi kile cha kwenye orodha, ada isiyoonekana popote kwenye orodha, ada ya kadi uliyokwisha kuirudisha. Haya huombi msamaha, unadai. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinakataza benki kupandisha ada zake bila idhini ya waziri anayehusika na fedha, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilisema sharti hilo linahusu hata viwango vya riba. Si lazima uyataje hayo kaunta. Swali dogo linatosha: "Ada hii iko ukurasa gani?"

Alama ya pili ni ya ada iliyozaliwa na ada nyingine. Ule mstari wa tarehe 1 wa mama wa Eastleigh ni mfano mzuri. Stending oda ni ileile, Sacco ni ileile, hakuna agizo jipya alilotoa, na mfumo uliijaribu tena huku akaunti tayari iko hasi. Kimkataba benki inaweza kuwa na haki. Kwa busara haina. Mistari ya aina hii ndiyo ninayoona ina nafasi kubwa ya kurejeshwa, mradi uitenge na mingine na kuieleza kwa sentensi mbili.

Ya tatu ni ada halali ambayo unaomba ihurumiwe. Stending oda ya kwanza iliyoshindikana iko hapa. Sema ukweli: ni mara ya kwanza, umekuwa mteja tangu mwaka fulani, mshahara ulichelewa. Ada ya hundi iliyorudishwa nayo ni ya kundi hili, lakini usiitegemee. Hapo benki huwa ngumu. Riba ya siku ulizokuwa hasi isahau, isipokuwa kama imetokana na mistari ambayo benki yenyewe imekubali ni makosa.

Hatua ya tano: nenda tawini ukiwa na karatasi

Usiende mwisho wa mwezi, wala Ijumaa mchana. Katikati ya mwezi, asubuhi, tawi la Moi Avenue au Kenyatta Avenue huwa na nafasi ya kukusikiliza. Kama akaunti ilifunguliwa tawi la Umoja au Kawangware, anzia huko. Mara nyingi meneja wa tawi lako ndiye mwenye kauli juu ya akaunti yako. Usipange foleni ya kaunta ya pesa. Mtu wa kaunta hawezi kurejesha ada hata akitaka. Nenda meza ya huduma kwa wateja, na ukiona mazungumzo yanazunguka, uliza kwa upole ni nani tawini mwenye mamlaka ya kurejesha ada.

Namna ya kuanza: "Dada, habari za asubuhi. Naomba tuangalie mistari miwili kwenye taarifa yangu, wa tarehe 1 na wa tarehe 28. Wa tarehe 1 naona ni marudio ya agizo lilelile." Mpe karatasi yenye mistari iliyopigwa alama. Akisema "hiyo ni ada ya kawaida," mwombe akuonyeshe kwenye orodha. Akisema atafuatilia, omba namba ya lalamiko na jina lake, uandike mbele yake. Hiyo namba ndiyo itakayokubeba baadaye.

Kuna wanaopendelea kulalamika hadharani mtandaoni. Husaidia wakati mwingine, benki hazipendi aibu. Lakini matapeli hukaa wakingoja malalamiko hayo hayo: utaona akaunti yenye nembo ya benki ikikuandikia faraghani, inakuomba namba ya akaunti na namba ya siri "ili tukurejeshee pesa." Hakuna benki inayohitaji namba yako ya siri ili kurejesha ada.

Hatua ya sita: andika

Hata kama umeahidiwa kwa mdomo, tuma barua pepe siku hiyo hiyo. Kiswahili au Kiingereza, zote ni lugha rasmi. Iwe fupi:

"Kwa Meneja wa Tawi. Ninaandika kuhusu akaunti yangu inayoishia na tarakimu hizi nne. Tarehe 1 nilitozwa Sh1,000 na ushuru Sh150 kwa stending oda ambayo tayari ilikuwa imeshindikana na kutozwa tarehe 28. Sikutoa agizo jipya. Naomba Sh1,150 zirejeshwe. Pia naomba, kwa kuwa ni mara yangu ya kwanza, mfikirie kurejesha ada ya tarehe 28. Leo nimeweka Sh4,500 kuondoa deni, lakini sikubaliani na makato niliyoyataja. Namba ya lalamiko nililopewa tawini ni hii. Naomba jibu kwa maandishi."

Ambatisha taarifa yenye alama. Usiandike historia ya maisha, usitishie kwenda mahakamani katika barua ya kwanza.

Pesa ikirudi, hesabu. Ada ya Sh1,000 ikifutwa, kinachotakiwa kurudi ni Sh1,150, kwa sababu ushuru hauna pa kusimama ada ikishaondolewa. Ukikuta wamerudisha Sh1,000 tu, jibu barua ileile na udai hizo Sh150. Watu wengi huziacha.

Benki ikinyamaza

Kumbusha mara moja, kisha peleka malalamishi Benki Kuu ya Kenya, iliyoko Haile Selassie Avenue. Inapokea kwa maandishi, na jambo la kwanza itakalotaka kujua ni kama ulilalamika kwa benki yako kwanza. Ndiyo sababu ya namba ya lalamiko na barua pepe zako. Panga nakala kwa tarehe: taarifa ya akaunti, barua yako, jibu la benki au ushahidi kwamba hawakujibu.

Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwa Sh1,150 sioni maana ya kupoteza siku za kazi huko. Kwa Sh80,000 zilizokatwa kimakosa, ningeenda.

CRB, na akaunti ya mshahara wa zamani

Deni dogo la akaunti iliyoingia hasi linaweza kukufikisha CRB kama mkopo mwingine wowote likikaa siku 90 bila kulipwa. Kanuni za 2020 ziliondoa madeni ya chini ya Sh1,000 kwenye orodha mbaya, lakini ada za miezi michache huvuka kiwango hicho haraka. Benki inapaswa kukuarifu siku 30 kabla ya kukuripoti, na tatizo ni kwamba arifa huenda kwa namba ya simu uliyoacha kuitumia. Rekodi mbaya hukaa hadi miaka 5 baada ya kulipa. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa mashirika yenye leseni, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na ukikuta kosa unaweza kulipinga kwao moja kwa moja.

Wanaonaswa zaidi hapa ni waliobadilisha kazi. Mwajiri wa zamani alilipa kupitia benki moja, wa sasa anatumia nyingine, na ile ya kwanza imeachwa na Sh300 ndani. Ada ya kila mwezi inazila, kisha inaendelea kuchimba. Ukienda kuifunga unaambiwa ulipe Sh6,000. Usikubali hesabu hiyo haraka: uliza akaunti iliacha lini kutumika, na kwa nini iliendelea kutozwa ada wakati hakuna huduma yoyote uliyopata. Hapa meneja huwa tayari kuelewana, maana mbadala wake ni deni ambalo halitalipwa kamwe. Kama deni lilikwisha kuhesabiwa kuwa bovu, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007, kinazuia riba kuzidi deni lililokuwepo siku lilipoharibika. Mkikubaliana, lipa, funga akaunti, uondoke na barua inayosema imefungwa na hakuna deni. Baada ya mwezi mmoja angalia CRB kama wameandika hivyo.

Kwa wale wanaobaki na akaunti

Omba tarehe ya stending oda isogezwe siku tatu au nne baada ya mshahara, si siku ileile. Mshahara wa tarehe 28 ukiangukia Jumapili unaweza kufika tarehe 29 au 30, na mfumo hauna habari na hilo. Acha pia kiasi kidogo ambacho hukigusi, angalau kinachotosha ada moja ya kushindikana pamoja na ushuru wake. Washa ujumbe wa kukuarifu salio likishuka. Ujumbe wenyewe hutozwa katika benki nyingine, kwa hiyo tumia arifa za ndani ya programu kama zipo. Na fomu ya kubadilisha tarehe ya stending oda inaweza nayo kuwa na ada yake. Uliza kabla hujasaini.